Kitabu Hiki Kinamfaa Nani?

Wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada, walimu, na ninyi wanafunzi mliokaa mbele, mwangaluka.

Tumeombwa tupendekeze vitabu, filamu na muziki tunavyovipenda, vitu ambavyo mtu anaweza kuvikuta au kuviulizia kwenye maktaba ya umma. Tutavitaja. Ila kwa kila tutakachokitaja tutasema kinamfaa nani, kinataka muda gani, na msomaji wake atakwama wapi. Mtu akikuambia "chukua hiki, ni kizuri sana", amemsifu mwandishi, wewe hajakupa kitu. Utakwenda nacho nyumbani Igoma au Buhongwa, ukurasa wa kumi na tano utakushinda, utakirudisha kimyakimya, na siku nyingine hutauliza. Mkutubi ataona kimerudi mapema, atadhani umekipenda. Wasomaji wanapotea namna hiyo na hakuna anayegundua.

Tuanzie ng'ambo ya maji. Ukipanda meli hapa Mwanza, saa tatu hivi baadaye unashuka Nansio, kisiwani Ukerewe. Kisiwa hicho kimoja kimetoa waandishi watatu ambao rafu ya fasihi ya Kiswahili haiwezi kukaa bila wao: Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi. Inauma kuona kijana wa Mwanza anamaliza shule akiwa ameyasikia majina hayo kwenye maswali ya mtihani tu.

Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, miaka 35 tangu aiweke kalamu chini. Mwaka uliofuata akafariki. Jina la riwaya hiyo ni refu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mume na mke hawajapata mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, na mume anafunga safari kwenda kumrudisha. Ndani ya kisa hicho Kitereza ameweka karibu kila kitu ambacho Wakerewe wa zamani walikijua: kilimo, uvuvi, pombe ya ndizi, dawa, uzazi, namna ya kumpokea mgeni na namna ya kumsindikiza.

Kinamfaa nani? Mzee atakifurahia kuliko kijana, na mkulima au mvuvi atakifurahia kuliko mwanafunzi anayetafuta "dhamira na maudhui". Kinamfaa sana mtu aliyezaliwa mjini kwa wazazi wa kutoka visiwani, anayetaka kujua bibi yake aliishi dunia gani. Mahali pa kukwama panajulikana. Kitereza hana haraka. Watu wakikutana njiani utazisikia salamu zote, na wakiagana utaagana nao. Aliyezoea riwaya za kijasusi atachoka mapema, akidhani kosa ni lake. Mwambieni tangu mwanzo kwamba kitabu hiki kinasomwa kisa kimoja kila jioni, na kwamba kikisomwa kwa sauti kinachangamka, kwa sababu mazungumzo yake yameandikwa kwa mdundo wa watu wanaoongea. Dakika 20 za kusoma kwa sauti ni kama kurasa nane hadi kumi. Kwa hiyo mwazimaji asipewe kipindi kimoja cha kuazima akatarajiwa amalize. Mwelezeni siku ileile kwamba ataongezewa muda, ili asianze kukimbizana na tarehe ya mhuri.

Kezilahabi ni habari nyingine, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafariki Januari 2020. Ameandika riwaya sita, na mpangilio wa kuzisoma una maana kubwa. Anza na Rosa Mistika, ya 1971. Lugha yake ni nyepesi, kisa kinakimbia, baba mlevi anamlinda binti kwa kipigo, na binti anakua bila kufundishwa namna ya kujilinda mwenyewe. Kisha Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 au Gamba la Nyoka ya 1979, kwa anayetaka kuelewa jinsi Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa vilivyowapitia watu wa kawaida. Kichwamaji ya 1974 mpe mtu aliyefika chuo na ana maswali asiyoweza kumuuliza mchungaji wala baba yake. Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 ziache mwisho kabisa.

Tatizo la Nagona na Mzingile ni wembamba. Vimekaa rafuni kama vijitabu vya kumaliza Jumamosi moja. Msomaji aliyetumwa "soma Kezilahabi, anatoka kwetu" ataangalia vile vitabu sita na atachukua chembamba, ndivyo binadamu alivyo. Atakutana na safari isiyo na mahali, wahusika wanaoongea mafumbo, muda unaokwenda mbele na nyuma. Atafunga kitabu na kusema Kezilahabi si wa saizi yake, wakati Rosa Mistika ilikuwa sentimita kumi kushoto. Kwa hiyo usipendekeze mwandishi. Pendekeza kitabu kimoja, kwa jina lake, na useme kinachofuata baada yake.

Rosa Mistika nayo ina tahadhari. Iliwahi kuzuiwa shuleni kwa muda. Humo mna mimba zinazotolewa na mna kifo cha mtu anayejiua. Msomaji ana haki ya kujua hayo kabla ya kukibeba, hasa kama nyumbani kwake kuna msiba wa namna hiyo. Inatosha kusema "kina utoaji mimba na kujiua", bila kusema ni nani na ni ukurasa gani. Tahadhari ni huruma kwa msomaji. Kutoboa mwisho ni kumnyang'anya kitabu.

Ruhumbika tutamtaja kwa kifupi. Miradi Bubu ya Wazalendo ni ya mtu aliyefanya kazi ofisini na anajua wanyonge na wakubwa wanavyoishi chini ya bendera moja. Mwenye safari fupi apewe hadithi zake fupi, Uwike Usiwike Kutakucha. Na ni yeye aliyeitafsiri kazi ya Kitereza kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 2002.

Sasa mnatuuliza: utajuaje nani apewe nini? Swali la "unapenda kusoma nini?" halifai. Wengi hawana jibu, na wenye jibu hutaja kitabu cha shule ili wasionekane hawajui. Uliza hivi: kitu gani cha mwisho ulikisoma au ulikitazama ukafika mwisho? Akitaja tamthilia ya televisheni, umepata jibu zuri tu. Muulize alipenda nini humo. Akisema "fitina za ile familia", mpeleke kwenye Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Akisema alipenda namna mpelelezi alivyomkamata mtu, uliza tena: alipenda mbio na risasi, au alipenda fumbo? Wa mbio na risasi mpe Willy Gamba wa Elvis Musiba, aanze na Kufa na Kupona. Wa fumbo mpe Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, anayekaa na kiko chake akafikiri, aanze na Mzimu wa Watu wa Kale. Ukiwabadilishia hawa wawili, wote watarudi wamenuna.

Swali la pili ni muda. Msomaji wa kawaida akisoma kimya hutumia dakika moja hadi moja na nusu kwa ukurasa wa riwaya. Safari ya Nansio ya saa tatu, ukitoa kupanda, kuuliza bei ya karanga na kuangalia ziwa, inabeba kurasa mia hivi. Tamthilia fupi inaisha kabla ya kutia nanga, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inafaa sana hapo. Anayerudi jioni sana kwa daladala, amesimama, hasomi kitu kwa siku tano za wiki. Huyo anataka kitabu chenye visa vinavyojitegemea, ili wiki ikipita asiwe amesahau. Mzazi anayetaka kumsomea mtoto kabla ya kulala apewe Hekaya za Abunuwasi: kisa kimoja kinaisha upesi, mtoto anacheka, na kesho anauliza kingine.

Na swali la tatu, ambalo watu huona aibu kuliuliza: macho. Matoleo mengi ya zamani yamechapwa kwa herufi ndogo na karatasi imekuwa ya kahawia. Msomaji wa miaka sitini akirudisha kitabu haraka, huenda shida ilikuwa ukubwa wa herufi. Fungueni kitabu katikati, mpeni akisome sentensi mbili palepale, karibu na dirisha.

Tuje kwenye rafu ya mapendekezo, maana wengi mmeomba tuieleze. Rafu moja, vitabu kumi na viwili, majalada yakitazama watu. Ukiweka arobaini umetengeneza rafu ya kawaida yenye bango. Kila kitabu kina kadi ya nusu ya A5, yaani ile A6, ya maneno hamsini hivi hadi sabini. Kadi tunayoikuta mara nyingi imeandikwa hivi: "Kitabu kizuri chenye mafunzo mengi kwa jamii yetu. Kila mtu akisome." Iondoe hiyo uiweke chini ya kitabu kingine chochote, bado itafaa. Ndiyo maana haifai.

Sikilizeni kadi ya Kitereza:

"Mume na mke wa Ukerewe ya zamani hawajapata mtoto, na wakwe wamemchukua binti yao. Mume anakwenda kumfuata. Kinamfaa anayetaka kujua watu walilimaje, walivuaje, waliuguzanaje. Ni kinene na hakina haraka: soma kisa kimoja kila jioni, ikibidi kwa sauti. Salamu ndefu zikikuchosha, vumilia mpaka safari ya ukweni. Kikikupendeza, fuatisha Rosa Mistika."

Itazameni vizuri. Sentensi mbili za kwanza zinasema kuna nini, na zinaishia pale ambapo jambo halijajulikana. Ya tatu inamtaja msomaji kwa kile anachokitafuta. Umri wake haukutajwa, kwa sababu ukiandika "kwa wazee" utamfukuza binti wa miaka ishirini anayeandika utafiti wa tiba za asili. Ya nne inasema ukweli kuhusu unene na inatoa namna ya kuubeba. Ya tano inataja pa kukwama na kumpa msomaji mahali pa kulenga. Ya mwisho inamrudisha rafuni. Hakuna neno "kizuri" popote, na hata hivyo anayeisoma anajua kwamba aliyeiandika amekipenda kitabu, amekifikisha mwisho, na anataka mwingine akifikishe.

Hilo la kukifikisha mwisho ni sharti. Hairuhusiwi kuandika kadi kwa kunakili maneno ya nyuma ya jalada. Yale yameandikwa na muuzaji.

Mambo madogo yanaharibu rafu hii haraka. Kadi ikibandikwa kwenye jalada inabandua rangi, kwa hiyo ikae kwenye ukingo wa rafu. Ikiwa ndefu inaficha jina la kitabu cha chini. Wino wa kalamu za rangi hufifia upande wa dirisha, hasa kwenye jua letu la mchana, kwa hiyo tumieni kalamu ya risasi nyeusi au wino wa kudumu. Kubwa kuliko yote ni kadi yatima: kitabu kimeazimwa, kadi imebaki, watu watatu wanafika kaunta kukiulizia wanaambiwa hakipo. Siku ya pili hawaitazami rafu. Kitabu kikitoka, kadi igeuzwe, na nyuma yake pawe pameshaandikwa: "Kimeazimwa. Ukikisubiri, chukua hiki." Maana yake kila kadi inahitaji kitabu cha akiba, na kile chenye nakala moja tu kisiwekwe mbele bila akiba. Badilisheni rafu kila baada ya wiki mbili, hata kama mnaona bado ni nzuri. Jicho likizoea haliioni tena.

Angalieni pia kalenda ya mitihani. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, kidato cha nne Novemba. Miezi miwili kabla ya hapo vitabu vya kiada vinakuwa dhahabu, na mkiviweka kwenye mapendekezo mnaandika kadi yatima kwa makusudi. Isitoshe, aliyekariri wahusika wa kitabu kwa ajili ya maksi hakihitaji kadi yenu. Anahitaji kingine.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo wasomaji hawaambiwi na linawapotezea muda. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey, kila mada na namba yake. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Mtu anajifunza namba hiyo, anakwenda palepale kila siku, anaamini ameona riwaya zote za Kiswahili zilizopo. Hajaziona. Kwa kanuni ya Dewey, tafsiri hufuata lugha ya asili ya kazi. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022, imeandikwa kwa Kiingereza kwanza, kwa hiyo ikifuatwa kanuni itakaa 823, katikati ya riwaya za Kiingereza. Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere itamfuata Shakespeare 822.33. Na Kitereza, kwa kuwa alianza kwa Kikerewe, anaweza kukaa mbali na Kezilahabi ingawa wote ni watu wa kisiwa kimoja. Kwa hiyo kila kadi ya mapendekezo iwe na namba ya kitabu kwenye kona ya juu, na kwa tafsiri kutoka Kiingereza ongezeni maneno "kipo kwenye rafu ya Kiingereza". Tunapendekeza Peponi kwa moyo wote, kwa msomaji yeyote aliyewahi kukaa kwa tajiri kulipa deni la wazazi wake au anayemjua aliyekaa. Mwandishi wake alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na sasa anasomeka kwa lugha ya nyumbani. Ingesikitisha kikose msomaji kwa sababu ya namba.

Filamu. Kadi ya filamu inataka mambo manne ambayo kadi ya kitabu haina: dakika, lugha, kama ina maandishi ya tafsiri chini, na umri. Vibanda umiza vya Mwanza vimetufundisha hili siku nyingi. Watu wanalipa kutazama filamu ya Kihindi au Kichina kwa sababu kuna msimulizi anayeifafanua kwa Kiswahili. Ukiwaandalia filamu yenye maneno ya Kiingereza bila kusema, nusu wataondoka kabla ya katikati, na si kwa kuwa filamu ni mbaya.

Ya kwanza ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, ambayo Tanzania iliipeleka kushindania Oscar. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya 1999. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume asiyemtaka, na Denge, kijana wa harakati za kudai uhuru. Watu hupenda kusema soma kwanza ndipo utazame. Kwa hii tunashauri kinyume. Filamu ni ya dakika tisini hivi, nayo imepunguza mengi. Ukitoka kusoma utakuwa unahesabu yaliyokatwa. Ukiitazama kwanza utaziona sura, vichochoro na rangi, kisha riwaya itakupa yote yaliyobaki, nayo ni mengi. Kitabu na filamu viazimishwe pamoja, viwili kwa kadi moja.

Ya pili ni ngumu na hatutaikwepa, maana imepigwa hapa. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, inahusu sangara, viwanda vya minofu na ndege za mizigo zinazotua uwanja wa Mwanza. Iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu za hali halisi. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwa kulichafua jina la nchi, na mjini humu watu waliandamana kuipinga. Tunaipendekeza kwa mtu mzima, kamwe siyo kwa mtoto, na kamwe isioneshwe peke yake. Sangara walipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Aina nyingi za furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikatoweka au zikapungua sana. Na viwanda vikaleta ajira ambazo familia nyingi za hapa zinazijua kwa majina. Mtazamaji aketi na kalamu. Upande mmoja wa karatasi aandike kamera imeonesha nini. Upande wa pili aandike nini kimesemwa na mtu bila kuoneshwa. Akimaliza atakuwa na maswali ya kumuuliza mvuvi wa Kirumba, na mvuvi ana majibu ambayo hayamo kwenye filamu. Kukasirika bila kuitazama hakumsaidii mtu, na kuiamini yote kwa sababu imesifiwa Ulaya hakumsaidii pia.

Mkitaka kuonesha filamu ukumbini kwa watu wengi, kununua nakala hakutoshi. Nakala ya dukani inakupa haki ya kutazama nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwenye kazi dhidi ya maonesho ya hadhara, hata kama hamtozi kiingilio. Mwandikieni mwenye filamu, mtajeni tarehe, ukumbi na idadi ya viti, na msubiri jibu la maandishi. Watengenezaji wetu wengi hufurahi kuombwa. Wanachochukia ni kuona kazi yao kwenye flashi za kuuziana stendi.

Muziki tungeweza kuuzungumzia mpaka jioni, lakini tuchague. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na nyimbo zake ndizo zilizoifanya taarabu ya Kiswahili isikike kwenye santuri. Sauti za wakati ule zina mkwaruzo, na kijana atakuambia ni kelele. Msaidie kwa kitabu: Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu chembamba cha kusoma kwa jioni mbili. Asome kwanza, asikilize baadaye, asikilize wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza sikio linapigana na mkwaruzo. Mara ya tatu linaanza kushika maneno.

Kwenye muziki wa dansi, wa Mbaraka Mwinshehe na wenzake, kuna kosa moja linalowanyima watu nusu ya raha. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilibeba dakika tatu au nne kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili magitaa yanapoachiwa na chemko linaanza. Nyimbo nyingi zilizohamishiwa kwenye kompyuta zimehamishwa upande mmoja tu. Ukisikia wimbo unafifia wakati gitaa ndiyo kwanza linapamba moto, hujausikia wote. Tafuta sehemu ya pili kabla ya kuupendekeza, na kwenye kadi andika urefu wa wimbo mzima, ili msikilizaji ajue akipewa nusu.

Ngoma za Wasukuma zina shida tofauti. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Mapigo yake yanafuata mikono inayolima. Ukimpa mtu sauti peke yake umempa nusu ya ngoma, kwa hiyo kadi ieleze kinachotendeka: nani anaimba, jembe linashuka wapi, kwa nini mapigo yanaharakishwa. Afadhali zaidi, mwelekezeni Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, pale Kisesa njia ya Musoma, na akiweza aende Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma, vikundi vya Bagika na Bagalu vinaposhindana. Akirudi atasikiliza rekodi ileile kwa masikio mengine. Saida Karoli, kutoka upande wa Bukoba, hahitaji maelezo hayo: Maria Salome humshika mtu hata kama hajui neno la Kihaya. Na wanafunzi mnaoandika mashairi, sikilizeni Fid Q, mtoto wa Mwanza, mkiwa na daftari la vina pembeni.

Kama maktaba inaazimisha diski, diski ishikwe kingo na tundu la katikati. Ikichafuka, futa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe. Data imeandikwa kwa mzunguko, kwa hiyo mkwaruzo wa mzunguko unafuta kipande kirefu kwa mfululizo na mashine inashindwa kukisia. Mkwaruzo ulionyooka unagusa kidogo kila mzunguko na mashine inaziba pengo. Kwenye CD upande wenye maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa kuwa tabaka linalong'aa liko chini yake tu. Usiandike hapo kwa kalamu yenye ncha ngumu, na usibandike karatasi: joto likiilegeza itang'oka ndani ya mashine. Na kwa kuwa nyumba nyingi sasa hazina mashine ya diski kabisa, mwulizeni mwazimaji kabla hajaondoka. Ni bora asikilize palepale kwa vipokea sauti kuliko kubeba diski hadi Sengerema akaigeuzageuze tu.

Mezani hapo nje kuna kadi tupu. Kila mmoja achukue moja, aandike kuhusu kitu kimoja alichokifikisha mwisho. Jina la kitabu lichukueni kwenye ukurasa wa ndani wenye jina, msilichukue kwenye jalada, kwa sababu katalogi hufuata ukurasa wa ndani na mara nyingine majina hayo mawili hayalingani. Kwa filamu andikeni mwaka na mwelekezi, maana majina hujirudia. Kwa wimbo andikeni bendi pamoja na mwimbaji. Namba ya rafu msipoijua msijali, tutaijaza sisi. Meza ya kushoto ni ya vitabu, ya kulia ni ya filamu na muziki, na kalamu za risasi zimeshachongwa.